Mtoto Akitumwa Dukani: Vitabu vya Picha na Hatua za Utoto

Kuna aina ya kitabu cha picha ambacho hakina sungura mjanja wala mfalme. Ndani yake mtoto anang'oka jino, au anavaa viatu mwenyewe kwa mara ya kwanza, au ananyolewa, au anamkuta mama amerudi na kichanga na mambo ya nyumbani yamebadilika. Kwa kawaida huwa na kurasa 32, kwa sababu ndivyo karatasi kubwa ya mtambo inavyokunjika bila kupotea kitu, na kisa chote mtu mzima angekisimulia kwa pumzi moja. Kwa mwenye miaka mitatu, kisa hicho ndicho habari kubwa ya mwaka.

Japani, Uingereza na Marekani vitabu vya namna hii vimejaa kwenye rafu kwa zaidi ya nusu karne. Ukiingia duka la vitabu Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa na kuulizia vya Kiswahili, utaoneshwa hadithi za wanyama, utaoneshwa vya alfabeti, na vya kuosha mikono na kulala ndani ya chandarua. Cha mtoto aliyeng'oka jino utakitafuta sana. Naliona hili kuwa zaidi ya upungufu wa idadi. Kitabu cha hatua za mtoto huamua, bila kutamka, kipi kihesabike kuwa ni kukua. Mtoto anayesomewa vya wengine tu hujifunza kwamba hatua zake mwenyewe, zile ambazo nyumbani zilipigiwa vigelegele, hazistahili kuandikwa.

Hatua za mwanzo kabisa hazina ubishi mkubwa. Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa viwango vya hatua sita za mwili, kuanzia kukaa bila kuegemea hadi kutembea bila kushikwa, baada ya kuwafuatilia watoto wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Kutembea peke yake kuliangukia kati ya miezi 8 na miezi 17 na ushee, na asilimia 4 hivi ya watoto hawakutambaa kwa magoti kabisa. Waliinuka tu wakaenda. Hata hapo malezi yana mkono wake. Charles Super na Sara Harkness, waliofanya utafiti Kokwet miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya miaka ya 1970, waliona watoto wakikaa na kutembea mapema kuliko wenzao wa Marekani, na sababu haikuwa damu. Mama zao waliwafundisha makusudi. Kutambaa, ambako hawakukufundisha, hakukuwahi.

Mtoto akishatembea, kila jamii inaanza kuhesabu kwa namna yake. Wazazi wa Kokwet walipoulizwa kuhusu mtoto mwerevu walimweleza yule anayeiona kazi inayohitajika na kuifanya kabla hajaambiwa. Robert Serpell, aliyefanya utafiti wilaya ya Katete mashariki mwa Zambia, alipata njia ninayoiona ya busara zaidi: aliwauliza watu wazima wangemtuma mtoto yupi kazi fulani, na kwa nini huyo. Majibu yao yalimwonesha akili wanayoithamini, ile inayokwenda pamoja na kuaminika.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Muulize mama wa Tandale, Dar es Salaam, au wa Kisauni, Mombasa, mwanawe alianza kuwa mkubwa lini. Hatakutajia usiku aliolala chumba chake, kwa kuwa huenda chumba hicho hakipo. Atakwambia: siku hizi namtuma dukani na chenji inarudi.

Kitabu bora nikijuacho juu ya jambo hili kilitoka Japani. Yoriko Tsutsui alikiandika na Akiko Hayashi akakichora miaka ya 1970, nacho kinahusu msichana wa miaka mitano ambaye mama yake, akiwa ameshikwa na kazi na kichanga, anamtuma maziwa. Anapewa sarafu mbili. Njiani baiskeli inampita karibu, anajibana ukutani. Anakimbia, anaanguka, goti linachubuka na sarafu zinatawanyika. Akifika dukani hakuna mtu, na sauti haitoki. Akijaribu kuita, gari linapita na kuimeza. Watu wazima wanakuja, wanahudumiwa, wanaondoka, naye bado yuko chini ya meza ya duka. Mwenye duka anapomwona hatimaye, mtoto anachukua maziwa na kutimua mbio hata chenji anaisahau, na mama wa watu inabidi amfukuzie kumpa. Hayashi amechora mtaa mzima kutoka kimo cha mtoto huyo: ukuta ni mrefu, meza ni ndefu, migongo ya watu ni mipana. Hakuna ukurasa unaomwambia msomaji kwamba ujasiri ni jambo jema. Kitabu hicho kilipendwa kiasi cha kuzaa kipindi cha televisheni cha Kijapani kilichoanza 1991, kinachofuatilia watoto wadogo katika safari zao za kwanza za kutumwa.

Mtoto wa Tanzania angekielewa bila kufafanuliwa. Naye amewahi kushika noti iliyokunjwa hadi ikalowa jasho, akirudia njia nzima "sukari robo, sukari robo" ili isimtoke, kisha akajikwaa na sukari ikageuka chumvi. Amewahi kusimama chini ya nondo za duka la Mangi wa mtaani akiwasikia wakubwa wakiagiza juu ya kichwa chake. Anayajua maswali yanayomsubiri nyumbani: chenji iko wapi, na mbona umechelewa, ulipita wapi? Kisa kizima kipo, wahusika wapo, mandhari yapo. Kilichokosekana ni mtu wa kukiona kuwa kinatosha kuwa kitabu.

Nadhani najua sehemu ya sababu. Vitabu vingi vya watoto vya Kiswahili vimetolewa kwa msaada wa mashirika, na mashirika yana haki ya kuogopa picha ya mtoto anayefanya kazi. Barabara zetu nazo zimejaa bodaboda, na wazazi wengi wa mjini siku hizi hawathubutu kumwachia wa miaka mitano avuke peke yake. Hofu zote mbili ni za kweli. Lakini kitabu kinaweza kumtuma mtoto nyumba ya pili tu, kuazima kinu, na bado kikabeba msisimko uleule. Na kinaweza kusema ukweli ambao wazazi tunaukwepa, kwamba binti hutumwa mara nyingi kuliko kaka yake na hubebeshwa mdogo wake mgongoni akiwa bado mdogo yeye mwenyewe. Mwandishi mwenye macho anaweza kuonesha fahari ya mtoto huyo na uchovu wake katika ukurasa mmoja.

Tuviangalie vitabu vinavyotufikia kutoka nje. Hatua zake kubwa ni kulala peke yako, kujisaidia mahali pake, kupiga mswaki, kuachana na mdoli. Nyingi ni hatua za kujitegemea, na baadhi zinavuka mipaka bila shida: kitabu cha Taro Gomi juu ya haja kubwa, kilichotoka Japani 1977, kinamchekesha mtoto wa popote kwa sababu tumbo ni moja. Shirley Hughes wa Uingereza alitoa mwaka 1982 kitabu cha mtoto anayevaa buti mpya, akatoka nazo kukanyaga madimbwi, na kuhisi kuna jambo haliko sawa. Kumbe mguu wa kulia umeingia kiatu cha kushoto. Badilisha buti kwa ndala na kitabu kinahamia Tabora. Jino, hapana. Katika nyumba nyingi za kwetu jino la utoto hurushwa juu ya paa, likiombewa jipya zuri, na mwenye pengo hutaniwa mpaka lijae. Hakuna malaika, kama yule wa vitabu vya Kiingereza, anayekuja usiku kuacha pesa chini ya mto. Watoto wa shule za Kiingereza za Nairobi na Dar sasa wanamwulizia malaika huyo, na wazazi wamejikuta wakitafuta sarafu. Simlaumu mzazi. Alikipata kitabu kimoja, cha pili hakikuwapo.

Kuzaliwa kwa mdogo ndiko kunakoonesha tofauti hii vizuri zaidi. Ezra Jack Keats, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn, alitoa mwaka 1967 kitabu ambamo mvulana Peter anaona samani zake za uchanga zikipakwa rangi ya waridi kwa ajili ya dada yake. Anabeba kiti chake kidogo na kuhama nyumba, umbali wa hatua chache nje ya dirisha. Anataka kukikalia, hakimtoshi tena. Kitabu hakimhubirii, kiti ndicho kinachomfundisha kwamba amekua. Kwetu wivu uleule una jukwaa lake. Mama akishika mimba nyingine mkubwa huachishwa ziwa, na katika nyumba nyingine ziwa hupakwa shubiri ili alichukie mwenyewe. Mara nyingi hupelekwa kwa bibi kwa wiki kadhaa, akirudi anakuta mtu mwingine amelala pale. Mtoto anayeonja uchungu mahali palipokuwa na utamu, kisha akapandishwa basi kwenda kijijini na shangazi, amepitia jambo zito kuliko la Peter. Kama lipo kwenye kitabu cha picha cha Kiswahili, halijanifikia, na nimetafuta.

Kuhusu mitindo, nywele na mavazi, mjadala umetawaliwa na Marekani, na kwa sababu nzuri. Mwaka 1965 Nancy Larrick alichapisha matokeo ya kuchunguza zaidi ya vitabu 5,000 vya watoto vilivyotolewa katika miaka mitatu: ni asilimia 6.7 tu vilivyokuwa na mtu mweusi hata mmoja, katika maneno au picha. Kitabu cha Keats cha mtoto yuleyule Peter akicheza kwenye theluji kilikuwa kimetoka 1962 na kupata medali ya Caldecott mwaka uliofuata. Mwaka 2020 maktaba ya jiji la New York ilikitangaza kuwa kitabu kilichoazimwa kuliko vyote katika historia yake. Peter hafanyi lolote la ajabu. Anakanyaga theluji, anaweka bonge lake mfukoni, linayeyuka. Nguvu ya kitabu iko hapo, kwamba mtoto mweusi aliruhusiwa siku ya kawaida.

Waliofuata waliingia nyumbani zaidi. Camille Yarbrough aliandika mwaka 1979 juu ya kusuka nywele na ukoo unaosimuliwa wakati wa kusuka. Derrick Barnes, 2017, alimweka mvulana kwenye kiti cha kinyozi akatoka anajiona mfalme. Matthew Cherry, 2019, alimpa baba kazi ya kutengeneza nywele za binti yake Zuri, na filamu fupi ya kisa hicho ikapata Oscar mwaka uliofuata. Mwaka huohuo wa 2019 Lupita Nyong'o alitoa Sulwe, juu ya binti wa Kenya anayetamani ngozi yake iwe nyeupe zaidi, kitabu ambacho baadaye kilitafsiriwa kwa Kiswahili na Kijaluo. Navipenda vitabu hivi. Hata hivyo nasita wazazi wa huku wanapoviagiza kana kwamba vimemaliza kazi. Vita vya nywele vya Marekani vilipiganwa dhidi ya watu waliodharau nywele za Kiafrika. Vya kwetu vina mwendo mwingine: katika shule nyingi za serikali Tanzania msichana anayeanza darasa la kwanza hunyolewa, hata kama tangu alipoanza kutembea alisukwa mabutu na twende kilioni akikaa katikati ya magoti ya dada yake. Jumapili moja jioni nywele zote zinaanguka kwenye kanga iliyotandikwa uani, na kesho yake yuko mstarini, kichwa kinapigwa upepo, hawezi kuacha kukipapasa. Kitabu cha picha kinaweza kuisimulia asubuhi hiyo bila kuamua kama kunyolewa ni haki au dhuluma. Watoto wenyewe wana maoni tofauti, wengine hufurahia uwepesi wake.

Kwa mavazi, Niki Daly wa Afrika Kusini ametutangulia. Katika kitabu chake cha 1999 binti Jamela anajifunga kitambaa ambacho mama yake amenunua kwa ajili ya harusi, anatembea nacho barabarani kwa madaha mpaka kinachafuka na kuchanika. Ulimwengu huo tunao: mita za kitenge cha sare, fundi cherehani aliyeahidi Ijumaa na sikukuu ni Jumamosi, mtoto anayesimamishwa juu ya stuli kupimwa mabega, kofia ya kiua ya baba inayomfunika macho mwanawe akielekea kuswali Idi. Kanga yenyewe ni kitabu cha kwanza ambacho mtoto wa pwani hufungwa ndani yake, na maandishi yake yako chini ya kidevu chake kabla hajajua herufi.

Picha za Afrika Mashariki zilizozunguka dunia zilichorwa kwa wasomaji wa mbali. Muriel Feelings, Mmarekani aliyewahi kufundisha Uganda, na Tom Feelings aliyechora, walitoa kitabu cha kuhesabu kwa Kiswahili mwaka 1971 na cha alfabeti mwaka 1974, vyote vikatunukiwa heshima ya Caldecott. Walikusudia kumwonesha mtoto mweusi wa Marekani uzuri wa asili yake, na walifaulu. Eileen Browne wa Uingereza alitoa mwaka 1994 kisa cha Handa, msichana wa Kijaluo anayempelekea rafiki yake matunda saba, kila moja likichukuliwa na mnyama bila yeye kujua. Ufundi wake ni mkubwa: msomaji anaona asichokiona Handa. Lakini twiga, tembo na pundamilia kandokando ya njia ya kijiji cha Kijaluo ni Afrika ya mgeni, na kitabu hicho kimekuwa sura ya Kenya kwa watoto wa shule wengi wa Uingereza. Kwa upande wetu, John Kilaka, mchoraji wa mtindo wa Tingatinga, anachora wanyama waliovaa nguo za rangi kali zenye kila alama ya mtaa wa Kitanzania. Vitabu vyake vilitangulia kutoka Uswisi, kwa Kijerumani. Nitoe mfano wa mwandishi aliyeupata ukawaida bila kuutia chumvi: Atinuke, aliyezaliwa Nigeria, ambaye katika kitabu chake cha 2017 mtoto yuko mgongoni kwa mama sokoni, wauzaji wanampa hiki na kile, anakula kimoja na vingine anavitumbukiza kwenye kapu lililo kichwani kwa mama asiyejua lolote.

Hapa swali la fedha haliepukiki. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa 1991, ukawahakikishia wachapishaji ununuzi wa sehemu ya nakala na kuzipeleka shuleni. Uliokoa uchapishaji wa Kiswahili wa watoto katika wakati mgumu. Ila anayenunua ndiye anayeamua umbo la kitabu. Shule ilinunua, basi vitabu vikawa vya mtoto anayejifunza kusoma, mwenye miaka saba na kuendelea, vikiwa na funzo mwishoni na mara nyingi maswali. Mwenye miaka miwili, anayesomewa akiwa amepakatwa na anayekitafuna kitabu, hakuwa na mnunuzi. Kenya iliongeza mzigo ilipotoza kodi ya ongezeko la thamani kwenye vitabu kwa sheria ya 2013. Tangu 2014 mpango wa African Storybook wa Afrika Kusini umefungua mlango mwingine: hadithi za bure mtandaoni, Kiswahili kikiwamo, ambazo yeyote anaweza kuzitafsiri na kuzibadilisha. Humo nimekutana na visa vizuri vya siku za kawaida, vilivyoandikwa na walimu. Udhaifu wake ni picha, kwani mchoro mmoja huhudumia hadithi nyingi, kwa hiyo nyumba inakuwa nyumba ya popote na bibi anakuwa bibi wa yeyote.

Na familia ndiyo inayoumia hapo. Katika vitabu vyetu vichache familia ni baba, mama na watoto wawili mezani, sura iliyotoka vitabu vya kiada. Yuko wapi dada wa kazi? Katika nyumba nyingi za Dar na Nairobi ndiye anayemwogesha mtoto, anayemlisha uji, anayemwona akisimama mara ya kwanza kisha akanyamaza ili mama, akirudi jioni, adhani ameiona yeye. Hana kitabu. Baba naye, anapotokea, amekaa na gazeti. Tunahitaji pia yule mtoto anayejificha nyuma ya dera la mama anapoambiwa amsalimie bibi, sauti imemkauka, mpaka siku shikamoo inapomtoka yenyewe mbele ya watu wote, kubwa kuliko alivyokusudia. Hatua hiyo haimo kwenye viwango vya shirika lolote, lakini ukoo mzima utaikumbuka.

Nani atanunua? Boston, mwaka 1989, madaktari wa watoto walianza kumpa kitabu kila mtoto aliyeletwa kupimwa, na Birmingham nchini Uingereza ikaanza mpango wa kuwapa watoto wachanga vitabu mwaka 1992. Kwetu mama hupeleka mtoto kliniki kwa chanjo na uzito, kadi mkononi, na anasubiri foleni ndefu benchini. Huko ndiko wanakopatikana wenye miaka chini ya mitatu, wa mjini na wa kijijini. Kitabu cha kwanza kinaweza kuwa cha mzani wenyewe: ile suruali ya kitambaa yenye kamba, mtoto ananing'inizwa akilia, nesi anasoma namba, mama anamshusha na kumfunga tena mgongoni. Kurasa 16 za kadi ngumu, pembe zilizopinda, Kiswahili cha nyumbani. Mchapishaji anachohitaji ili athubutu ni uhakika wa nakala elfu kadhaa, uhakika uleule aliopewa kwa ajili ya shule mwaka 1991, safari hii utoke kwa wizara ya afya.